Sikio Peke Yake Halitoshi

Katika ile nyumba, aliyekunywa kidogo alionekana mgonjwa kuliko aliyekunywa sana. Siwatanii. Mtu aliyelala mtaroni, akauza mabati ya nyumba ya mama yake, akagombania mfupa na mbwa, huyo alikuwa mtu wa maana. Alipewa kitanda cha dirishani, na Jumapili alikaa kiti cha mbele. Wewe uliyekunywa kiungwana mpaka ukafukuzwa kazi, ulilala karibu na choo na kuambiwa uendelee kujichunguza.

Ukutani nje waliandika kwa rangi ya buluu: NYUMBA YA WALIOINULIWA. Ndani tulipangwa kwenye vitanda vya ghorofa kama mikate kwenye shelfu, na godoro lilikuwa jembamba kiasi kwamba ukigeuka ulimwamsha wa chini. Mkuu wetu alitaka tumwite Baba Mlezi. Mbele yake tulimwita hivyo. Nyuma yake alikuwa Kitambaa, kwa sababu ya kile kitambaa cheupe alichojifutia uso kila alipotaka watu waone kwamba ameguswa. Aliguswa mara nyingi sana. Hata akisoma orodha ya zamu za kufua, aliguswa.

Mimi nililetwa na shangazi, aliyenikuta nimelala kwenye sofa lake jipya nimekumbatia chupa kama mtoto mchanga. Kwa kipimo cha Kitambaa, hilo halikuwa anguko, ni kujikwaa. Nikawekwa kwenye kipaza sauti: kukiwasha, kukibeba, kukipeleka kwa anayetaka kusema. Kazi nzuri. Unasimama karibu na kila uongo.

Maana pale ushuhuda ulikuwa na ufundi wake, na tulifanyishwa mazoezi kama kwaya. Kitambaa alifundisha kwamba ushuhuda una sehemu tatu. Kuna shimo, yaani ulikoangukia. Kuna mkono, yaani Mungu anavyokutoa. Halafu kuna kilele, yaani hapa, mbele ya wageni, umenyolewa na umechomekea. Mkono na kilele havikumsumbua. Ugomvi wake na sisi ulikuwa shimo.

"Mkono wa Mungu ni mrefu," alipenda kusema, akijifuta. "Kwa nini mnampa shimo fupi? Mnataka ainame tu?"

Basi tukachimba. Bingwa wa kuchimba alikuwa Kondakta, mkazi wa siku nyingi kuliko wote. Nilipofika mimi, alikuwa akishuhudia kwamba alilala na mbwa jalalani. Baada ya muda mbwa wakawa fisi. Siku wageni wengi walipokuja, akawa amezikwa kabisa; watu wamekwisha kurudi makwao, akagonga jeneza, akafukuliwa. Nikamvuta pembeni.

"Kondakta, ulizikwa lini?"

"Dogo, usiniharibie. Nilizimia kwenye mazishi ya jirani."

"Sasa umezikwa ukiwa wapi?"

"Pembeni ya kaburi. Nilikuwa karibu sana."

Ndani ya kiwanda hicho akaletwa Kinyozi. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayekuuliza kama maji ni ya moto mno. Hakuwa na mbwembwe. Asubuhi alitandika, akapiga magoti, akasema maneno yasiyofika hata kwangu niliyekuwa chini yake, akainuka kwenda kuosha vikombe. Kwa Kitambaa, maombi ya namna hiyo yalikuwa ubahili.

Siku ya mazoezi akaitwa.

"Haya, Kinyozi. Simama utupe shimo."

"Bwana asifiwe," akasema Kinyozi.

"Amina!"

"Mimi nilikuwa nakunywa. Mwanzoni nikifunga kazi, baadaye hata kabla ya kupiga mswaki. Mkono ukaanza kutetemeka. Siku moja nikamkata mteja sikio. Nikaogopa, nikafunga kibanda. Mke wangu akamchukua mtoto akaenda kwao. Mimi nikaja hapa. Sijaonja tena, namshukuru Mungu. Amina."

Akakaa. Kitambaa alibaki anamtazama kama mtu aliyepewa uji bila sukari na bado anangoja sukari ije.

"Sikio," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Lilianguka chini?"

"Hapana. Ni ngozi tu, hapa pembeni."

"Mteja alikufa?"

"Yupo. Tukikutana tunasalimiana vizuri, ila ananigeuzia upande wa pili."

Tulicheka mpaka vitanda vikalia. Kitambaa hakucheka. Alijifuta paji la uso, polepole.

"Mwanangu, sikio peke yake halitoshi. Watu wanatoka makwao, wanavaa suti, wanakaa kwenye viti vya plastiki katika joto hili, wewe unawapa ngozi ya sikio? Mke ulimpiga?"

"Hapana."

"Hata kofi?"

"Baba, mke wangu ndiye aliyekuwa akinibeba kunipeleka kitandani. Ningempiga saa ngapi?"

"Uliiba?"

"Niliuza mashine ya kunyolea."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako!" Kitambaa akatugeukia sote, amekata tamaa kabisa. "Anajiibia mwenyewe! Nani atalia? Kinyozi, hujachimba. Bado unamficha shetani chini ya zulia. Na wewe unajua ninavyofanya: asiyechimba simtoi. Familia ikiniuliza, nitasema hajaiva."

Hapo ndipo Kinyozi alipokosa raha. Mchana ule tuliwekwa kumenya viazi, naye alikuwa akitoa maganda manene mpaka viazi vyenyewe vikabaki kama gololi.

"Kaka, unatupunguzia chakula," nikamwambia.

"Dogo, Jumapili mama mkwe anakuja."

"Pole sana."

"Usicheke. Amesema anakuja mwenyewe, anisikilize kwa masikio yake. Akiridhika, mama mtoto anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na mizigo wanakuja nayo. Asiporidhika, nisiwafuate tena, wala nisitume mtu."

"Mkeo anasemaje?"

"Anasema lolote atakalosema mama yake. Amechoka kuamua peke yake."

"Basi mpe mama sikio, muondoke."

"Kitambaa atamwambia sijaiva. Na yule ndiye mchungaji, mimi ni mlevi. Mama atamsikiliza nani?"

"Mama mkwe anakufahamu?"

"Ananifahamu?" Akacheka kidogo, kwa huzuni. "Yule ndiye aliyekuwa ananivua viatu."

Nilimwambia mtu aliyekuvua viatu hahitaji kuambiwa soksi zilikuwaje. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakusikia. Alikuwa anasogeza midomo. Alikuwa anachimba.

Jumapili ikafika. Kulikuwa na wageni wakubwa, wa kanisa moja la mjini lenye viyoyozi, waliokuwa wakifikiria kutujengea ukumbi mpya. Kitambaa alikuwa amejinyunyizia manukato mpaka nzi wakahama. Wageni walikaa upande mmoja, familia zetu upande mwingine, mstari wa mbele kabisa. Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba: familia ikae mahali wageni wataiona ikilia. Kwamba familia ndiyo inayojua ukweli wa mambo, na kwamba umeiketisha mbele ya mtu uliyemfundisha kudanganya, jambo hilo Kitambaa hakuwahi kuliwaza. Mpaka siku hiyo hakuwa amepata hasara. Familia nyingi zilikuwa na aibu, zikanyamaza.

Mama mkwe wa Kinyozi hakuwa na aibu. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye miwani, aliyezoea kuwaona watu siku yao ya kwanza wakiwa hawana nguo wala maelezo, na hakuonekana kuwaheshimu zaidi tangu hapo. Pembeni yake alikaa binti yake, amempakata mtoto wa kike. Miguuni kwao palikuwa na begi na furushi moja. Kinyozi aliliona furushi. Macho yake hayakutoka hapo tena.

Alitangulia Kondakta. Alizikwa, akagonga, akafukuliwa, na safari hii mzee mmoja wa mazishi alikufa kwa mshtuko. Mama mmoja wa wale wageni, mwenye kofia ya kijani, alilia akaomba maji. Kitambaa alijifuta uso mzima.

"Na sasa," akasema, "ndugu yetu Kinyozi."

Nikampelekea kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi nilikuwa nakunywa." Akaanza vizuri. Polepole, kama alivyotuambia sisi. Kazini, mswaki, mkono. Mgeni mmoja akatazama simu. Mwingine akapiga miayo akaifunika kwa Biblia. Nyuma kabisa, mlangoni, Kitambaa akainua kitambaa akajifuta kutoka paji la uso kushuka hadi kidevuni. Ilikuwa ishara. Sote tuliijua: chimba.

"Siku moja," akasema Kinyozi, "nikamkata mteja sikio."

Feni ikazunguka. Kitambaa akajifuta tena, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

"Lote," akasema Kinyozi.

"Yesu!" akasema mama wa kofia ya kijani.

Niliuona uso wa Kinyozi alipolisikia lile "Yesu". Niliufahamu uso ule, maana hata mimi nimewahi kuuvaa: uso wa mtu baada ya glasi ya kwanza.

"Lilianguka, nikalikanyaga," akaendelea. "Nikakimbia. Nikaenda nyumbani, nikampiga mke wangu."

Mkewe akainua kichwa.

"Nikampiga na mtoto! Nikaingia kwa mama mkwe wangu, nikaiba cherehani yake, nikaiuza, nikainywa yote! Sikushiba. Nikarudi, nikachoma nyumba!"

Mama mkwe akamgeukia binti yake, na hakunong'ona.

"Nyumba gani? Si mmepanga?"

Lakini nani angemsikia? Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Wageni wamesimama, mmoja anarekodi kwa simu, Kitambaa anapunga kitambaa kama timu yake imefunga bao. "Haleluya! Shimo hilo! Nani angemtoa huyu?" Kinyozi mwenyewe alisimama katikati anahema, anatabasamu hovyo, mpaka macho yake yalipowafikia wakwe zake. Tabasamu likaondoka lenyewe.

Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwangu. Sheria ya nyumba ilisema kipaza sauti ni cha mkazi aliyeitwa au mgeni anayeomba. Yeye alikuwa mgeni, na anaomba. Mimi ni mtu wa kufuata sheria. Nikampa.

"Samahani, mchungaji," akasema.

"Mama, keti kwanza, Roho anatenda kazi."

"Sitamchelewesha. Mimi ndiye mama mkwe. Sijawahi kuwa na cherehani."

Vicheko vichache, upande wetu. Upande wa wageni, ile simu bado inarekodi.

"Na huyu ni binti yangu. Mwanangu, simama. Mumeo amewahi kukupiga?"

"Hajawahi kunigusa," akasema mkewe. Alisimama na mtoto begani. "Wala mtoto. Akilewa alikuwa analala, basi."

Nilidhani mchezo umekwisha. Sikumjua Kitambaa. Alikuja mbele taratibu, uso umejaa huruma, akawageukia wageni.

"Mnasikia, wapendwa? Mmejionea. Hivi ndivyo familia zinavyofanya. Wamepigwa mpaka wamezoea, leo wanamfichia. Huku ndiko kukana."

"Tunakana nini?" akauliza mama mkwe.

"Unaona, mama? Hata kuuliza hivyo ni dalili."

Yule mama wa kofia ya kijani aliinuka, akaja moja kwa moja kwa mkewe Kinyozi, akamkumbatia pamoja na mtoto. "Pole, mdogo wangu. Usimwogope. Hapa uko salama, sema tu."

"Dada, niachie, unamfinya mtoto."

"Unatetemeka!"

"Nina hasira!"

"Ni woga huo, mdogo wangu. Ni woga."

Ndipo Kinyozi aliponyang'anya kipaza sauti mkononi mwa mkwewe.

"Nimedanganya! Jamani, nimedanganya. Sikumpiga mtu. Nilikata sikio, kipande kidogo tu, na mwenyewe yupo. Nilifundishwa kusema hivi!"

Unadhani waliona haya? Kitambaa alipiga kelele ya furaha.

"Anarudi nyuma! Mmeona vita hii? Dakika moja iliyopita alikuwa huru, sasa adui anamfunga ulimi! Wazee, mikono!"

Na mikono ikaja. Wageni kwa wakazi, Kondakta mstari wa mbele, wakamzunguka Kinyozi wakamwekea mikono kichwani na mabegani wakamkandamiza mpaka akapiga magoti, huku wakimkemea pepo wa ukweli atoke. Kila alipojaribu kusema "sikupiga mtu", walizidisha sauti. Mtoto akaanza kulia. Hicho ndicho kilio pekee cha haki kilichosikika pale siku ile, na watu wakasema amina.

Mama mkwe alingoja. Waliposhusha sauti ili wavute pumzi, aliwasukuma wawili kwa kiwiko akaingia katikati ya duara. Kipaza sauti hakukihitaji.

"Mkwe wangu."

Kinyozi akainua uso. "Mama."

"Nilikufahamu ulevini. Ulinipa kazi. Ulinitapikia kwenye zulia, ukaamka ukaniambia, mama, zulia nimetapika mimi. Nikikuuliza umekunywa, unasema nimekunywa. Nikikuuliza tena, unasema na kesho nitakunywa. Nikamwambia binti yangu, huyu ni mlevi, lakini si mwongo, kwa hiyo tumngoje. Leo nakukuta mzima, macho meupe, unanukia sabuni. Unasimama mbele ya watu unasema umempiga mwanangu."

"Mama, walisema bila hivyo hawanitoi."

"Na pombe, nani alikunywesha? Siku zote kuna mtu wa kukulazimisha?"

Ningekuwa mimi ningetafuta mzaha. Yeye hakutafuta chochote.

"Beba furushi," akamwambia binti yake. "Twende."

Wakatoka. Kitambaa akawasindikiza kwa macho ya masikitiko, akawaeleza wageni kwamba familia nyingi haziwezi kustahimili nuru. Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akaandika kitu. Ukumbi tulijengewa, kwa taarifa yenu, na ule mkanda wa simu ndio uliowagusa wafadhili. Waliukata pale kwenye nyumba kuungua.

Kinyozi aliinuka, akajipangusa magoti, akaelekea mlangoni. Kitambaa akamzuia kwa kifua.

"Unakwenda wapi? Hujaiva."

"Basi nitaivia njiani."

"Ukitoka bila baraka yangu, kabla jua halijazama utakuwa na chupa mkononi."

"Inawezekana, baba," akasema Kinyozi. "Nikiishika, nitasema nimeishika."

Akampita. Nilimfuata mpaka getini, nikijifanya nakunja waya. Mama Mlezi, mke wa Kitambaa, alikuwa pale na funguo. Hakumshika mkono wala hakumwombea. Alichosema ni kwamba shati jeupe la Jumapili ni mali ya nyumba. Kinyozi akalivua hapohapo, akalikunja vizuri, akamkabidhi, akatoka barabarani na fulana yenye tundu kwapani.

Wakwe zake walikuwa hawajafika mbali. Furushi lilikuwa zito na mtoto alikataa kubebwa. Akawakaribia, akasimama hatua chache nyuma yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema mama mkwe bila kugeuka. "Salamu ndiyo unaikumbuka sasa?"

"Ndiyo, mama."

"Unakwenda wapi na fulana?"

"Nawafuata."

"Nimekuita?"

"Hapana."

Akageuka sasa, akamtazama juu mpaka chini kupitia ile miwani. Mtu mzima, mrefu, kwapa liko nje, kwenye jua la saa saba.

"Mwenyezi Mungu," akasema, "mimi nimekosa nini?"

Mkewe alilishusha furushi kichwani, akamtwika mumewe, akamshika mtoto mkono.

"Hilo si jibu," mama mkwe akamwonya Kinyozi kwa kidole. "Limemchosha shingo tu. Kutoka hapa mpaka kituoni ni mwendo. Utaniambia ulichofanya, wewe, kwa maneno yako, na mimi nilikuwepo. Tukifika pale nitajua tunapanda wangapi."

Wakaanza kutembea. Nilining'inia kwenye geti huku Mama Mlezi akinisukuma kwa ufunguo mgongoni, nikasikia mwanzo tu.

"Nilianza kunywa kwa sababu ya kazi nyingi, mama—"

"Kazi gani? Ulikuwa unashinda barazani unacheza drafti."

Furushi likayumba, akalishika.

"Kweli, mama. Nilikuwa nacheza drafti."

"Endelea."